Ukuta Uliokunywa Maji

Mdogo wangu wa mwisho aliponiuliza ni chombo cha ukubwa gani kinafaa kwa mmea wa kukaa ndani ya nyumba, nilicheka. Ilikuwa kiangazi, upepo unavuma mpaka mchanga unaingia kwenye meno, na mimi nilikuwa nimeinama kitaluni kwangu pale njia panda ya Mkiwa nikijaza viriba, ile mifuko myeusi ya nailoni tunayooteshea miche. Mwanamume aliyekuwa utingo wa malori tangu ndevu zimwote, leo anataka maua ya sebuleni! Nikamwambia kama amepata mchumba mwenye zulia aseme tu, asituzungushe. Hakucheka. Alirudia swali lake huku macho yake yako barabarani.

Nikamweleza, maana kazi hii naijua na sina aibu kusema naijua. Usichukue mche mdogo ukauweka kwenye ndoo kubwa kwa tamaa. Mizizi michache haiwezi kunywa maji ya udongo wote ule. Udongo unabaki umelowa, unaanza kunuka, mizizi inaoza, na wewe ukiona majani yamelegea unazidi kumwaga maji. Anza na kiriba. Mizizi ikijaa na kuanza kuchungulia chini, hamishia kwenye kopo la rangi, halafu ndoo, kama mmea wenyewe ni wa kukua. Toboa matundu chini. Mboji nikamchanganyia mwenyewe: samadi ya mbuzi iliyoiva mpaka haina joto, majani yaliyooza, na mchanga kidogo ili maji yapite.

"Na maji, dada? Mara ngapi kwa wiki?"

"Usihesabu siku. Inua chombo. Kikiwa chepesi, mwagilia. Kikiwa kizito, kiache. Ni mmea gani huo?"

"Nyanya chotara. Kuna jamaa kanielekeza."

Nyanya zinataka jua, na jua kwetu linatosha na kubaki. Sijawahi kuona mtu wa Ikungi anafungia nyanya chumbani wakati ana shamba. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshapanda bodaboda, gunia la mboji na viriba vyangu kadhaa vimefungwa nyuma kwa mpira, na hata kuaga aliaga akiwa amenipa kisogo. Nilirudi kwenye viriba vyangu.

Nyumba aliyokuwa anaishi ni ya mama yetu, kijijini, upande wa kwenda Mungaa. Baba aliijenga kwa matofali mabichi, yale ya udongo usiochomwa, aliyoyafyatua mwenyewe kwenye bonde la nyuma. Alipofariki alimwachia mama, na mama alikaa humo peke yake mpaka mdogo wangu aliposhuka kwenye malori na kurudi kukaa naye. Ni nyumba ndogo. Sebule, chumba cha mama, na stoo iliyokuwa ya kuwekea alizeti na uwele. Ukuta wa stoo ndio ukuta wa chumba cha mama, na kitanda chake kimeegemea hapo. Upande wa pili stoo inatazama barabara ya kijiji. Nyumba za namna hii zinadumu miaka mingi sana kama zina kofia nzuri na miguu mikavu. Bati zuri juu, chini pakavu. Watoto wote wa kwetu tumekua tukifokewa tusimwage maji ya kuogea karibu na msingi, na mama alikuwa akiona hata beseni la kuoshea vyombo limewekwa ukutani anakuja nalo mkononi kukuuliza kama unataka kumzika.

Nilipokwenda kumsalimia, jambo la kwanza nililoliona ni pipa la maji. Lilikuwa tupu saa za asubuhi. Mama anatumia maji kama mtu aliyeyabeba kichwani maisha yake yote, kwa sababu ndivyo ilivyo. Nikamwuliza nani anamaliza maji. Akasema mdogo wako ana miche yake stoo. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli jipya. Juu, mabati mawili yalikuwa yametolewa na kuwekwa yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Na harufu. Nitasema nini kuhusu harufu? Nimekaa njia panda miaka, madereva wanashuka, vijana wa kijiweni wanavuta nyuma ya vibanda. Naijua.

Nilimsubiri arudi, nikamwambia afungue. Alijaribu kunizungusha, mara funguo hazionekani, mara nitaleta vijidudu. Nikamwambia nitalivunja hilo kufuli kwa jiwe mchana kweupe na majirani watakuja kuuliza. Akafungua.

Miche ilikuwa imepangwa kwenye sakafu ya udongo, ukuta hadi ukuta. Bangi tupu. Mingine bado kwenye viriba vyangu, mingine kwenye makopo ya rangi, na michache mikubwa kwenye ndoo. Mwanga wa lile bati la plastiki uliipiga, ikawa ya kijani kuliko kitu chochote kilichokuwa hai kijijini wakati ule wa kiangazi. Kilichonitia uchungu ni kwamba ilikuwa imepandwa kwenye mboji yangu. Niliitambua hata kwa rangi.

"Unamfunga mama," nikamwambia.

"Mama hajui kitu."

"Askari hawaulizi nani anajua. Wanauliza nyumba ya nani."

Akaanza kuniambia habari za watu wa mjini, wanunuzi, kwamba ni msimu mmoja tu, akimaliza anang'oa na hakuna atakayejua. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa. Hiyo ndiyo tabia yake tangu utotoni. Unampiga maneno, anainamisha kichwa, halafu anaendelea na alichokuwa anafanya.

Nilikuwa nageuka kutoka ndipo nikauona ukuta. Chini, upande wa chumba cha mama, kulikuwa na mstari mweusi kama mtu amepaka mafuta, umepanda mpaka usawa wa goti. Juu yake chumvi nyeupe ilikuwa imechomoza. Niliweka kiganja. Baridi. Nikakwaruza kwa kidole, udongo ukatoka laini na kujaa kwenye ukucha. Nikamwuliza anamwagiliaje. Akanionyesha kwa fahari: ndoo, kikombe, anamwaga juu mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kama alivyoona kwenye simu. Kwenye simu yule mtu ana sakafu ya saruji! Huyu wetu maji yake yote yalikuwa yanashuka kwenye sakafu ya udongo, na sakafu ile ina mteremko mdogo, na mteremko unaishia ukutani. Ukuta ulikuwa unakunywa kila siku, na mama amelala upande wa pili.

Nilimwomba mama aje kukaa kwangu Mkiwa. Akasema kuku wake atamwachia nani. Nikamwomba basi ahamishie kitanda sebuleni. Akasema yeye si mgeni, hawezi kulala sebuleni kwake. Sikumwambia sababu. Ningemwambia nini, kwamba mwanao wa mwisho, unayemkatia kipaja cha kuku mpaka leo, anakuchimbia ukuta? Kwenda kwa mtendaji wa kijiji nilikufikiria, nikaona mama akitolewa kwenye nyumba ya baba na mgambo, nikaacha. 

Basi nikafanya kitu ambacho mpaka leo kikinijia nacheka kwa uchungu. Nilibeba mabeseni na masinia ya zamani ya bati, nikampelekea. Nikamwambia kila chombo kikae ndani ya beseni. Maji yamwagwe kwenye beseni, si juu. Udongo utayavuta wenyewe kutoka chini, na ukishalowa mpaka juu, yale yaliyobaki yamwagwe nje kwenye migomba, mbali na nyumba. Nikamwonyesha kwa chombo kimoja, nikampa aukamate uzito wake kabla na baada. Nilikuwa namwokoa mama. Lakini nani angeniona pale, nimechuchumaa katikati ya bangi na kanga yangu imefungwa kiunoni, nikifundisha namna ya kuinywesha, angesema hivyo?

Alifuata. Na mimea, ambayo ilikuwa imeanza kuwa ya manjano kwa maji mengi, ikapona. Ikanenepa. Nilipokwenda tena ilikuwa imenifika kifuani, na mdogo wangu akaniambia, "Dada, una mkono mzuri wewe." Nilitamani kumzaba kofi. Ukuta ulikuwa umeanza kukauka, mstari mweusi umefifia, na kwa ajili hiyo tu nilinyamaza.

Wakati huohuo nilimkuta mama anakandika. Kwetu kukandika nyumba ni kazi ya wanawake: udongo, majivu, kinyesi cha ng'ombe, unaupiga ukutani kwa kiganja na kuulainisha mpaka ung'ae. Hufanywa kabla ya sherehe, au mvua zikikaribia. Hapakuwa na sherehe, na mvua ilikuwa mbali. Alikuwa chumbani kwake amepiga magoti kando ya kitanda, anakandika pale chini tu, ukanda wa goti, na hakuwa na haraka. Nikamwambia mama, ukuta uliolowa haukandikwi, unafungia maji ndani, uache upumue kwanza. Hakunitazama. Akasema ukuta wake ulikuwa na uchafu na hapendi watu waone uchafu. Niliona alivyokuwa anapitisha kiganja, mara mbili, mara tatu, mahali palepale. Nilitoka nje nikakaa juu ya kinu. Kama mama alikuwa anajua, nilikuwa nimebaki mimi peke yangu niliyedhani tunamficha.

Mimea haiachi kukua kwa sababu watu wamepatana. Mizizi ilijaa ndoo. Mdogo wangu akanipigia simu kuniuliza, sikupokea, akaamua mwenyewe: akakata mapipa ya plastiki katikati, akahamishia ile mikubwa humo. Hakuna beseni wala sinia linaloweza kukaa chini ya nusu pipa. Akarudi kwenye kumwaga juu. Pipa la udongo linameza maji mengi, na linayatoa yote chini. Mbaya zaidi, alisafiri kwenda Manyoni kuonana na huyo mnunuzi wake, akakaa huko, na kazi ya maji akamwachia mama.

Hilo nililijua nilipofika na kukuta kufuli liko wazi. Mama alikuwa stoo na ndoo na kata yake, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, kama anavyomwagilia mchicha. Maji yalikuwa yametuama chini ya mapipa na kulamba ukuta pande zote mbili, wa chumbani kwake na wa barabarani. Alikuwa akipika na kuoga kwa kikombe ili hayo yapatikane. Nilimnyang'anya kata.

"Mama, unajua hii ni nini?"

"Ni ya mdogo wako."

"Nakuuliza unajua ni nini?"

"Na mimi nimekujibu," akasema. Akanyoosha mkono nimrudishie kata yake.

Nilimwambia usiku ule asilale chumbani, na safari hii nilimwambia sababu, nikamshika mkono nikamgusisha ukuta juu ya ukandikaji wake. Kidole kilizama. Alikitoa akakifuta kwenye kanga, akaniambia ukuta ule uliona mvua kubwa kuliko hizo na baba yenu hakuwa fundi wa kubahatisha. Nilihamishia kitanda sebuleni mwenyewe, kwa nguvu, naye akiwa amesimama mlangoni ananiangalia kama mwizi. Mdogo wangu nilimpigia, nikamwambia rudi ung'oe, usiporudi nang'oa mimi na kuchoma mbele ya kijiji. Akarudi kesho yake. Alikuja amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, akasema mnunuzi anakuja wiki hiyohiyo, nimvumilie kidogo tu.

Siku hiyohiyo tulikuwa uani, mchana, jua la utosi. Mama na mimi tulikuwa tunapepeta alizeti. Mdogo wangu alikuwa nyuma anakata kuni, maana mama alitaka kumpikia hata chai tu, naye akakataa kunywa kitu kabla hajampatia kuni. Sikusikia mlio mkubwa. Nilisikia kama mtu mzito anakaa chini. Halafu bati likalia, halafu vumbi likatoka mlangoni, mlangoni kwetu, likaja mpaka kwenye ungo. Ukuta wa barabarani ulikuwa umekaa chini wote, na ule wa kati umeufuata. Mahali kilipokuwa kitanda cha mama palikuwa na rundo la udongo lenye urefu wangu.

Jirani aliyekuwa anapita na mbuzi aliliona rundo lile, hakutuona sisi. Akapiga yowe kwamba mama amefukiwa. Yowe kwetu haliulizwi. Ukilisikia unaacha ulichoshika na kukimbia, na asiyekwenda atakuwa na maelezo ya kutoa siku atakapopatwa yeye. Walikuja na majembe, na sepetu, wanaume na wanawake, wengine wamejitanda kanga za msibani tayari kwa jinsi walivyokata tamaa. Mimi nilizunguka nyumba nikipiga kelele kwamba mama mzima, mama yupo uani, lakini walikuwa wameshaanza kuchimba na hakuna aliyenisikia. Walichimba kwa upendo. Jembe la kwanza likagonga pipa. Wakavuta bati pembeni, na bangi ikaonekana yote, wima, majani yake na vumbi, barabara nzima inaitazama.

Majembe yakasimama moja moja. Mtendaji wa kijiji alikuwa miongoni mwao, mikono ya shati imekunjwa, tope mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa amekuja kumfukua mama kama wengine.  Nilimwona anatafuta namna ya kutokuona, nasema ukweli, alitafuta. Lakini watu walikuwa wengi.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Mama alikuwa amefika, ungo bado mkononi. Watu walimpisha wakishukuru Mungu, mmoja akaanza kulia kwa furaha ya kumwona. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, shoka liko begani.

"Ni yangu," mama akasema.

"Mama, tafadhali," mtendaji akamwambia.

"Nyumba yangu, stoo yangu. Nimepanda mimi, namwagilia mimi. Ulizeni nani aliniona nachota maji." Na watu walikuwa wamemwona. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona na ndoo.

Nikasema mama anadanganya. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, na nilikuwa namtazama mdogo wangu, nikisubiri. Mama akanigeukia akaniambia kwa Kinyaturu ninyamaze, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na midomo yangu ikajifunga yenyewe. Mdogo wangu alishusha shoka begani. Nilidhani anataka kusema. Aliliegemeza vizuri kwenye mti, akakaa juu ya gogo, akainamisha kichwa.

Gari la polisi lilifika jua limeinama. Mama aliomba abadili kanga, wakamruhusu, nikamsaidia.  Nikamwambia, mama, sema ukweli, bado kuna muda. Akanifungia kanga yangu mimi vizuri, kama anayesafiri ni mimi.

"Mdogo wako hajala tangu jana," akasema. "Mpikie."

Walimpandisha nyuma, kati ya askari na mapipa. Hakuangalia nyumba.

Nilisonga ugali kwenye jiko lililobaki wazi, watu wakiwa wameshaondoka, nikachinja na kuku. Nikamwekea mbele. Nikamwambia akishiba tunakwenda kituoni, atasema mwenyewe kwa mdomo wake, nami nitakuwa pembeni yake. Akaitika kwa kichwa. Alikula akamaliza, akaomba twende kesho, giza linaingia na usafiri wa kwenda huko ni shida. Nilikubali. Asubuhi sahani ilikuwa imeoshwa na kufunikwa, na mwenyewe hayupo. Wanasema alipanda lori pale Mkiwa, mbele ya kitalu changu.

Niliwaambia polisi kila ninachokijua. Waliandika, lakini mama harudishi maneno yake, na kesi inaahirishwa. Nikienda kumwona mahabusu, tunapewa dakika chache. Hajawahi kuniuliza habari za nyumba, wala wakili. Anasogea karibu anauliza kama mdogo wangu anakula.

"Anakula, mama," namjibu.